Nilivyopanga Ukubwa wa Kikosi na Dakika za Kucheza katika Timu ya Watoto

Ninafundisha timu ya soka ya watoto wa chini ya miaka 12 mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, na hapa nataka kueleza nilivyoshughulikia jambo linalowagombanisha wazazi na makocha kuliko hata matokeo ya mechi: watoto wangapi wasajiliwe katika timu moja, na kila mmoja wao acheze kwa muda gani. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizofika huku kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, huandikisha watoto wao katika klabu za ushindani bila kuuliza swali hilo, kisha hujikuta zikiendesha gari mwendo mrefu Jumamosi alfajiri ili mtoto aingie uwanjani kwa robo saa. Nimeamini, baada ya kulifanyia kazi suala hili, kwamba dakika za mtoto huamuliwa siku ya usajili, na kwamba kocha anapofika uwanjani akiwa na kikosi kikubwa mno, hata awe na huruma ya namna gani, hawezi kugawa kile ambacho hakipo.

Kanuni zenyewe ziko wazi. Shirikisho la soka la Marekani lilibadilisha muundo wa soka ya watoto kwa nchi nzima, na mabadiliko hayo yakawa ya lazima mwaka 2017. Watoto wa chini ya miaka 9 na 10 hucheza saba kwa saba, na orodha ya timu haipaswi kuzidi wachezaji 12. Wa chini ya miaka 11 na 12 hucheza tisa kwa tisa, na mwisho wa orodha ni 16. Kuanzia chini ya miaka 13 huanza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na mwisho ni 18. Umri ninaoufundisha, yaani wa tisa kwa tisa, una vipindi viwili vya dakika 30 kila kimoja. Tatizo ni kwamba namba iliyowekwa kuwa kikomo imegeuzwa na klabu nyingi kuwa lengo. Kila mtoto anayesajiliwa ni ada, na mtoto wa kumi na sita haongezi gharama yoyote kubwa kwa klabu, kwa kuwa kocha ni yuleyule, uwanja ni uleule na waamuzi ni walewale. Anachoongeza ni mapato, na anayelipia mapato hayo kwa dakika zake ni mtoto aliyeketi kwenye benchi.

Niliketi na karatasi kabla ya majaribio ya kuchagua wachezaji ya mwezi Mei na kupiga hesabu. Nikikigawa kila kipindi mara mbili, mechi inakuwa na robo nne za dakika 15, na kwa kuwa uwanjani wapo tisa, nina nafasi 36 za kugawa. Watoto wakiwa 16, hata nikigawa kwa usawa kamili, 12 kati yao watapata robo mbili na wanne tu watapata tatu. Lakini timu ya ushindani haigawi kwa usawa. Kwa kawaida wapo watoto kama sita ambao kocha hathubutu kuwatoa, na hao wakicheza mechi nzima wanameza nafasi 24. Zinabaki 12 kwa watoto kumi, maana yake wanane wanapata robo moja na wawili wanapata mbili. Hivyo nusu nzima ya timu hucheza dakika 15 katika mechi ya dakika 60, na hapo hakuna kocha aliyemchukia mtoto yeyote, ni hesabu tu. Watoto wakiwa 12, nafasi 36 zinagawanyika bila kubaki kitu: kila mmoja robo tatu, yaani dakika 45. Wakiwa 13, kumi wanapata robo tatu na watatu wanapata mbili, na watatu hao wanaweza kubadilika kila wiki. Nilichagua 13, kwa sababu mtoto mmoja akiugua, hesabu inarudi kwenye 12 na kila kitu kinakaa sawa.

Kumshawishi mkurugenzi wa makocha wa klabu yetu ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa na hoja mbili, na zote mbili zilistahili majibu. Ya kwanza ilikuwa utoro na majeraha: timu yenye watoto 13 inaweza kufika uwanjani na tisa tu siku ya mafua au wikendi ya shule. Nilimwonyesha kwamba kanuni ya ligi yetu inaruhusu kumwazima mchezaji wa timu ya pili ya klabu hiyohiyo kwa mechi moja, na kwamba mtoto huyo wa timu ya pili angefaidika zaidi kwa kucheza robo mbili nasi mara chache kuliko kukaa benchi letu mwaka mzima. Hoja ya pili ilikuwa fedha, na hiyo haijibiwi kwa maneno matamu. Gharama zisizobadilika zikigawanywa kwa familia 13 badala ya 16, fungu la kila familia linapanda kwa takriban asilimia 23, na katika klabu zetu, ambako baadhi ya wazazi wanafanya kazi za usiku kwenye maghala ya mizigo, asilimia 23 ni pesa inayoweza kumwondoa mtoto kabisa. Kwa hiyo tulitafuta mahali pa kupunguza. Tuliacha mashindano moja ya nje ya jimbo, ambayo pamoja na ada ya kushiriki yalidai hoteli na mafuta ya gari, na ukumbi wa mazoezi ya majira ya baridi tukaukodi kwa pamoja na timu nyingine. Sikusikia mtoto hata mmoja akiyalilia mashindano yale, na mwisho wa hesabu ada ilipanda kidogo tu.

Baada ya hapo ilibaki sehemu ngumu, ambayo ni kuwaambia watoto watatu waliotarajia kuingia kwamba watakwenda timu ya pili. Nilizipigia simu familia zote tatu mwenyewe, kwa sababu naona si adabu kumpa mzazi habari kama hiyo kwa ujumbe wa barua pepe. Mama mmoja wa kutoka Bukavu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu kwa Kiswahili cha kwao: “Papa kocha, uko ule mutoto atacheza dakika ngapi?” Nilimjibu kwamba huko angecheza si chini ya dakika 40, na kwamba kwangu, kwa namba ya 16, angepata 15 au 30. Alinyamaza kidogo, akasema basi aende akacheze. Ninalitaja swali lake kwa sababu lilikuwa sahihi kuliko mengi niliyoulizwa na wazazi waliokuwa wakitafuta jina la timu ya kwanza.

Msimu ulipokaribia niliitisha kikao cha wazazi na nikatoa utaratibu kwa maandishi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ulisema kwamba hakuna mtoto atakayecheza chini ya dakika 30 katika mechi yoyote iwapo yuko mzima na amehudhuria mazoezi ya wiki. Kwamba hakuna atakayekaa nje robo mbili mfululizo. Kwamba wanaoanza mechi watabadilika. Na kwamba magolikipa wawili watagawana vipindi, kisha kila mmoja atapata robo moja ya kucheza mbele ili asiishie kuujua mpira kwa mikono pekee. Baba mmoja alisimama akasema kwamba huu ni utaratibu wa michezo ya kujifurahisha, akatolea mfano AYSO, jumuiya ya soka ya watoto iliyoanzishwa Torrance, California, mwaka 1964, ambayo ina kanuni kwamba kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi. Alisema yeye hakulipa ada ya ushindani ili apate kilekile. Nilimjibu kwa heshima kwamba ushindani wetu uko kwenye majaribio, kwenye mazoezi na kwenye kiwango cha timu tunazokutana nazo. Kwamba mtoto aliyepita majaribio hayo amekwisha kustahili nusu ya mechi. Na kwamba robo inayozidi nusu ndiyo nitakayoigawa kwa kuangalia bidii. Hakukubaliana nami siku ile, na familia mbili ziliondoka mwisho wa msimu wa vuli kwa sababu hiyohiyo. Nilizitakia heri, kwa kuwa zilijua zinachokitaka na mimi nilikuwa nimekwisha kusema ninachokitoa. Nafasi zao zikachukuliwa na watoto wawili wa timu ya pili.

Siku ya mechi nilifanya kazi na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki. Safu zake zilikuwa majina, nguzo zake robo nne, na katika kila kisanduku niliandika kwa penseli nafasi ya mtoto: beki, kiungo, winga, mshambuliaji au kipa. Penseli ni bora kwa sababu mvua ya Aprili hapa huifuta wino, na kwa sababu mtoto aliyechelewa hulazimisha kufuta na kuandika upya. Karatasi hiyo ilikuwa ikikaa wazi kwenye benchi, na watoto walizoea kuisoma wenyewe. Utamwona mmoja amekwisha kufunga kamba za viatu na kuvuta soksi dakika mbili kabla ya robo yake, anakuja kando yangu na kuuliza, “Kocha, nambadili nani?” Mtoto anayejua ataingia lini hujiandaa, hutazama upande atakaouchezea, humwangalia winga anayekwenda kupambana naye. Asiyejua hung’oa nyasi na kupiga soga, kisha tunamlaumu kwamba hana umakini. Utaratibu huu wote unawezekana kwa sababu ligi za watoto huruhusu aliyetoka kurudi uwanjani. Sheria za soka zilifunguliwa zaidi upande huo mwaka 2017, pale chombo cha kutunga sheria za mchezo, IFAB, kilipowapa mashirikisho ya nchi uhuru wa kukubali mabadiliko ya kurudia katika soka ya vijana. Kocha anayemfundisha mtoto wa miaka 11 huku akibadilisha wachezaji kama kwamba ana nafasi chache za Ligi Kuu anajifunga mikono bila kulazimishwa na mtu.

Mtihani halisi ulikuja kwenye nusu fainali ya mashindano ya majira ya kuchipua. Tulikuwa sare kuelekea robo ya nne, na karatasi ilisema winga wetu wa kulia, mwenye kasi kuliko wote na mfungaji wa bao letu, atoke, aingie mtoto mwingine mdogo wa umbo ambaye hakuwa amekaa nje kwa bahati mbaya bali kwa zamu. Nilisikia minong’ono nyuma yangu upande wa wazazi. Nilifanya badiliko kama lilivyoandikwa, kwa sababu utaratibu unaofuatwa Septemba na kuachwa siku ya nusu fainali humwambia yule mtoto mdogo kwamba mwaka mzima tulikuwa tukimbembeleza. Aliingia, akapoteza mpira mara mbili mwanzoni, kisha akakaa vizuri na beki wake wa nyuma na upande ule haukupitika tena. Mechi iliamuliwa kwa mikwaju ya penalti na tukafungwa. Yule winga aliyetolewa, kwa kuwa alikuwa nje filimbi ya mwisho ilipolia, ndiye alikuwa wa kwanza kumkimbilia mwenzake aliyekosa mkwaju.

Katika jedwali la ligi tulimaliza katikati, na sioni sababu ya kupamba jambo hilo. Ninachokithamini ni kwamba kufikia Mei ningeweza kumweka mtoto yeyote kati ya wale 13 katika nafasi mbili tofauti bila timu kuyumba, jambo ambalo Septemba halikuwezekana. Mabeki walikuwa wamejifunza kutoa pasi chini ya shinikizo kwa sababu walipata muda wa kukosea katika mechi za kweli, na mtoto anayejua kwamba ana nusu saa mbele yake hukosea, hujirekebisha, kisha hujaribu tena. Mwenye dakika nane hupiga mpira mbele na kuomba Mungu. Nilikulia Tanga nikicheza chandimu, yaani mpira wa mtaani, ambako kila aliyefika aligawiwa upande, tukacheza hadi giza. Mpira wangu wote niliujua kwa kuugusa, na ninashindwa kuelewa kwa nini mtoto aliyelipiwa ada, jezi na kocha auguse mpira mara chache kuliko sisi tuliokuwa na mpira wa matambara.

Sasa timu yangu inapanda kwenda chini ya miaka 13, na hesabu inaanza upya: wachezaji 11 uwanjani na dakika 70, ambazo kwa robo nne zinanipa nafasi 44. Klabu inapendekeza 18, na kwa namba hiyo kumi kati yao watapata robo mbili tu hata kwa mgawo wa haki kabisa. Watoto wakiwa 15, karibu kila mmoja angepata robo tatu. Lakini huu ndio umri ambao miili inarefuka haraka, na maumivu ya magoti na visigino huwaweka wengine nje kwa wiki kadhaa, na uwanja mkubwa huwachosha zaidi waliobaki. Kwa hiyo nimeomba 16, ambapo 12 watapata robo tatu na wanne robo mbili, kwa zamu. Mkurugenzi amekubali kulipeleka ombi hilo kwenye kikao cha klabu kabla ya majaribio, na wazazi wangu tayari wanayo karatasi ya hesabu.