MO si Mombasa

Siku niliposhuka basi hapa Castlebar, kila gari lililopita lilikuwa na MO kwenye namba yake. Nikacheka peke yangu: Mombasa imenitangulia! Kumbe ni Mayo, kaunti ya magharibi mwa Ayalandi, Castlebar ndiyo makao yake makuu.

Jamaa nyumbani wakisikia kaunti huniuliza gavana ni nani. Huku gavana hakuna, kuna baraza la madiwani. Kisiwa kizima kina kaunti 32: za Jamhuri 26, na 6 za kaskazini ziko chini ya Uingereza. Mayo ni ya tatu kwa ukubwa, nyuma ya Cork na Galway, kilomita za mraba zaidi ya 5,500. Mombasa yetu ingeingia humo mara ishirini na ushei. Lakini sensa ya 2022 ilikuta watu 138,000 hivi, na sisi mwaka 2019 tulikuwa milioni 1.2 tumebanana pale.

Mwanzoni nilidhani watu wamekimbia mvua. Ipo kweli, huja kiubavu kutoka Atlantiki na mwavuli haufui dafu. Ila mwaka 1841 palikuwa na watu karibu 389,000 hapa. Kuanzia 1845 ugonjwa uliozesha viazi, na wengi hawakuwa na chakula kingine. Kuna waliokufa, kuna waliopanda meli, na kuhama hakukukoma hata njaa ilipokwisha.

Nenda Achill uone. Ni kisiwa, lakini kina daraja, unaingia na gari lako. Chini ya mlima Slievemore zimejipanga nyumba za mawe, nyingi tu, hazina paa, wenyeji ni kondoo. Nilifika jioni, jua limelala, nikaona matuta chini ya majani, marefu, sambamba, kama ya viazi vitamu kwetu. Mfereji baina ya tuta na tuta ulienea kiatu changu, basi. Aliyelima mara ya mwisho hata wajukuu zake sidhani kama wapo.

Tena ni watu wa msimamo hawa. Mwaka 1880, karibu na Ballinrobe, walimsusa msimamizi wa mashamba, Charles Boycott: wa kumvunia hakuna, wa kumuuzia dukani hakuna. Jina lake likageuka kuwa neno la Kiingereza la kususia. Sisi la kwetu tulikuwa nalo.

Mzee mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee ana ndugu Manchester, Boston na Chicago. Yeye alibaki, anasubiri Mayo ichukue kombe la mpira wa Kiayalandi. Mara ya mwisho ilikuwa 1951. Fainali wanafika, wanarudi mikono mitupu. Mwezi uliopita nilinunua gari la mtumba, nikamwonyesha dirishani. Akakodoa macho kwenye namba. Lilisajiliwa Galway, kwa majirani zao, lina G.

"Ungeniuliza kwanza," akasema, akavuta pazia.