Tulivyokubaliana na Kijiji kwa Kamba ya Katani

Nimefanya kazi ya mahusiano ya jamii migodini kwa zaidi ya miaka kumi, na ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa ni huu: "Mwenyekiti na mtendaji wakishasaini, kijiji kimesaini." Aliyenipa alinizidi umri na uzoefu, nikaufuata. Nauandika kwa sababu bado nausikia ukitolewa kwa vijana wanaoanza kazi hii, na kila nikiusikia damu inanichemka.

Mgodi wetu wa dhahabu uko Usukumani, Kanda ya Ziwa. Mwaka ule sehemu ya kumwagia mawe taka, yale ambayo watu wa Geita huyaita magwangala, ilikuwa inakaribia kujaa, na wahandisi wakachora upanuzi kuelekea mashariki. Kwenye ramani eneo lile lilionekana tupu: migunga, vijia viwili vitatu, nyumba chache pembezoni. Nikapewa wiki tatu nilete muhtasari wa kijiji unaoridhia.

Tulifanya kila kitu ambacho kampuni hufanya. Turubai, viti vya plastiki, jenereta, projekta, soda kreti kadhaa, posho kidogo ya kila aliyehudhuria. Mwenyekiti alifungua mkutano saa nne asubuhi. Mhandisi alieleza kwa nusu saa, akionyesha mstari mwekundu kwenye kitambaa cheupe. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma hakuna aliyeuona ule mstari, na kina mama wote walikuwa nyuma, wamekaa kwenye nyasi. Tukauliza kama kuna swali. Wazee wawili wakauliza kuhusu ajira za vijana. Watu wakapiga makofi. Zaidi ya watu mia mbili walitia sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio, mtendaji akagonga muhuri, na jioni ile nikaupeleka muhtasari kwa meneja nikiamini kazi imekwisha.

Haikupita wiki mbili. Greda lilipoanza kufungua njia, kina mama kama arobaini wakakaa chini mbele yake na watoto mgongoni. Kesho yake magogo yakalala barabarani. Magari ya mgodi yalisimama siku tatu, na hasara ya siku hizo tatu ingetosha kulipa mishahara ya idara yangu kwa miaka. Ofisini kukaanza maneno ya kuita polisi. Nikaomba nipewe siku moja kwanza niende mwenyewe, bila gari lenye nembo.

Nilimkuta bibi mmoja chini ya mgunga. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu." Akaitika, akanisogezea kigoda. Nikamwuliza kwa nini wanakataa jambo ambalo wameshalisaini. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulisaini soda. Ngitili hatujaisaini."

Hapo ndipo nikajua kwamba lile pori tupu la kwenye ramani lilikuwa ngitili. Kwa wasioujua utaratibu huu wa Wasukuma: ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, halafu yanafunguliwa kiangazi kikishakaza, kwenye Julai au Agosti, ili ng'ombe wasife njaa. Humo humo hutoka kuni na dawa. Shinyanga, tangu mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili ni sehemu ya sababu miti imerudi kwenye vilima vilivyokuwa vimebaki vipara. Sisi tulikuwa tumepanga kuimwagia mawe. Na siku ya mkutano wetu ilikuwa siku ya mnada, wenye mifugo wote walikuwa mnadani. Waliojaa chini ya turubai walitoka vitongoji vya senta, ambako lile lundo lisingewagusa hata kidogo.

Sheria zetu hazina upungufu katika hili. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, haiimiliki. Mwenyekiti hakuwa na ngitili ya kutupatia. Upungufu ulikuwa kwetu, tuliokwenda kuomba baraka kwa uamuzi uliokwisha kufanyika.

Tulianza upya, kitongoji kwa kitongoji, saa kumi jioni watu wakitoka shambani. Kina mama peke yao kisimani, wafugaji kwenye lambo, vijana kijiweni kwa bodaboda. Bila turubai, bila posho. Wenzangu walisema bila posho hakuna atakayekuja. Walikuja, tena wengi kuliko mwanzo, kwa sababu safari hii lilikuwa jambo lao.

Lakini ramani bado haikusomeka. Unaweza kumwambia mtu "mita mia nne kutoka barabarani" mpaka usiku uingie, yeye anaijua ardhi kwa miguu. Ndipo nikawaza kamba. Nilinunua marobota ya kamba ya katani na vigingi tukavipaka chokaa, vyote havikufika laki tatu. Nikamwomba mpima wetu auhamishe ule mstari kutoka kwenye kompyuta hadi ardhini, kilomita moja na ushei.

Alikataa, na hofu yake ilikuwa ya kweli: tegesha. Ukionyesha mpaka leo, kesho asubuhi kuna vibanda vya udongo mbichi na miche ya miembe iliyobanana kama mchicha, vyote vikisubiri mthamini. Nikalipeleka suala hilo kwa wanakijiji bila kuficha. Wakateua watu sita, tukazunguka nao eneo lote siku mbili, tukapiga picha kila nyumba na kila shamba, nakala moja ikabaki ofisi ya kijiji. Sungusungu wakasema ulinzi ni wao. Vibanda viwili vilichomoza usiku wa tatu; mchana vilikuwa vimebomolewa, na si na sisi.

Siku ya kamba walikuja kama themanini. Kabla hatujapiga hatua niliwaambia kisichowezekana: lundo haliwezi kusogea karibu zaidi na shimo, kwa sababu ukingo utaelemewa, na kuacha kumwaga kabisa ni kufunga mgodi. Mengine yote yanazungumzika. Mhandisi alitembea nao, na hilo nilililazimisha, maana mwenye kalamu lazima awepo.

Tulikuwa hatujafika mbali yule bibi akasimama. Akaingiza fimbo yake chini ya kamba, akainyanyua hadi kiunoni, akaishikilia hapo. "Ng'ombe wanapita hapa kwenda lambo. Mkilala hapa, wao watapita wapi?" Wafugaji wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mhandisi akainama, akang'oa kigingi kwa mkono wake, akauliza, "Nisogeze mpaka wapi?" Bibi akaonyesha mgunga. Akasogeza. Nilikuwa nimeacha robota zima la kamba halijafungwa kwa ajili ya dakika hiyo. Tulitembea mpaka jua linazama, vigingi vikihama, na vingine vikirudishwa kwa mabishano.

Mwisho wake lundo lilipunguzwa upana na kuongezwa kimo ngazi moja, ikaachwa njia ya ng'ombe, na sehemu kubwa ya ngitili ikabaki. Mahesabu ya wahandisi yalichukua wiki mbili zaidi. Familia saba hata hivyo zilihama kwa fidia iliyopitia kwa mthamini, na mzee mmoja kati yao hanisalimii hadi leo. Simlaumu.

Kwenye mkutano mkuu wa kuridhia, kijana wa bodaboda aliuliza kwa nini Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inawapa wenyeji asilimia 10 ya mrabaha na wao hawapati. Usikwepe swali kama hilo. Nilimjibu kwamba kwetu mrabaha wa dhahabu, ambao wakati ule ulikuwa asilimia 6, unakwenda Serikali Kuu. Halmashauri ya wilaya inapata ushuru wa huduma, ambao wakati ule ulikuwa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Na tangu marekebisho ya 2017 mpango wetu wa kila mwaka wa huduma kwa jamii lazima ukubaliwe na halmashauri. Kisha nikabandika ubaoni, kwenye ofisi ya kijiji, kiasi tulicholipa mwaka uliotangulia. Ile karatasi ilisomwa mpaka ikachanika, nikabandika nyingine.

Ile kamba iliyobaki niliiacha kwa mtendaji. Kiangazi kilichopita mwenyekiti alinipigia simu: "Dada, tumesikia mnataka kuhamisha bomba la maji. Kamba tunayo. Huyo mhandisi anakuja lini?" Nikamwambia Jumamosi, saa kumi jioni.