Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayepanga picha zenu za harusi

Kazi yangu haina jina. Mpiga picha anajulikana, mchapaji anajulikana, hata fundi wa fremu ana kibao mlangoni. Mimi nakaa katikati yao, kwenye studio ndogo Magomeni, napokea memori kadi za harusi, naziingiza kwenye kompyuta na kuzipanga mpaka mtu aweze kuiona siku yake tangu mwanzo hadi mwisho. Bosi akipata wageni husema, "Huyu ni wa kompyuta." Mama yangu huwaambia majirani nafanya mambo ya picha. Wengine hudhani nabofya tu, basi.

Dar watu huoana Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ndiyo kitanzi changu. Hii ni Jumatatu iliyopita.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naamka Kimara, naoga, chai na maandazi mawili. Kwenye mwendokasi nasimama njia nzima, mkoba nimeukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Ndani mna diski ya akiba ambayo huwa siilazi ofisini. Studio ikivunjwa au ikiungua, harusi za watu ziwe zimelala kwangu, chini ya kitanda.

Saa mbili kasoro robo. Nafagia, nawasha kompyuta, nafungua Lightroom, programu ya kupanga na kusafisha picha. Bosi alikuwa mtu wa Picasa, programu nyingine ya kupanga picha, hadi Google walipoiachia njiani mwaka 2016, na mpaka leo huitaja kama marehemu. Mezani nimewekewa kadi nne ndani ya bahasha ya kaki: mbili za kamera ya bosi, mbili za kamera ya pili, ambayo ni ya kaka mmoja tunayemkodi harusi ikiwa kubwa.

Hapa ndipo watu wanaposema "si unakopi tu?" Ngoja niwaeleze. Kamera huzipa picha majina yenye namba nne, kuanzia 0001 hadi 9999, kisha inarudi mwanzo. Kamera mbili za kampuni moja zinaweza kabisa kuwa kila moja na DSC_4410 yake: moja ni bibi harusi anashuka garini, nyingine ni sahani ya pilau. Aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu alimimina kadi mbili kwenye folda moja, kompyuta ikamuuliza kama ibadilishe faili zenye majina yanayofanana, akakubali. Nusu ya kipaimara cha mtoto wa watu ilipotea palepale. Ndiyo maana mimi picha zangu hubadilishwa majina zikiwa mlangoni: tarehe, sherehe, namba ya kamera, namba ya picha. Na zinashuka kwenye diski mbili kwa mpigo mmoja. Kadi hazifutwi mpaka nizihesabu pande zote mbili, hata bosi akisimama nyuma yangu anapumua.

Picha moja ghafi ina karibu MB 30, na kisomea kadi chetu ni kile cha bei ya chini, kwa hiyo kadi ya GB 64 iliyojaa huchukua nusu saa na ushei. Katikati napiga pasipoti saizi za watu sita na kumbembeleza mtoto mmoja aliyeapa kutoitazama kamera.

Saa nne naanza kuchambua. Picha 3,412 za harusi moja. P ni inabaki, X ni inaondoka, na ukiwasha herufi kubwa programu inakurukia yenyewe kwenda picha inayofuata, vidole vinakuwa kama vya mshona cherehani. Macho yaliyofumba, X. Uma mdomoni, X. Mjomba aliyekatisha mbele ya madhabahu akiongea na simu, X, ingawa huwa nacheka kwanza.

Saa tano akaingia shangazi wa bibi harusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuangalia tu."

Mteja akisema amekuja kuangalia tu, ujue chakula cha mchana hakipo. Alivuta kiti, akakaa begani kwangu, akatoa na simu: picha 140 za kundi la familia la WhatsApp, nazo zichanganywe na za kwetu, kila moja mahali pake. Nikamweleza kwamba WhatsApp huibana picha na kuivua taarifa zake, saa iliyopigwa haimo tena. Kompyuta inachoona ni siku faili lilipoingia kwenye simu yake, ndiyo maana zote zinajipanga foleni moja Jumapili. Akaniambia, "Wewe zipange tu, si ulisoma?"

Halafu akauliza alichokuja kuuliza. "Friji langu liko wapi?"

Yeye na dada zake walichanga wakanunua friji. Lilibebwa ukumbini kwa matarumbeta, emsii akamtaja jina mara tatu, yeye akacheza kuanzia mlangoni hadi meza kuu. Nikatafuta kwenye folda ya Jumamosi. Kamera ya bosi wakati huo ilikuwa inapiga maharusi wakicheka. Friji lilionekana kona tu, na shangazi alikuwa kiwiko.

"Kiwiko," alisema. "Mimi nimetoa friji, nimepewa kiwiko."

Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Kila nikisogea naona mambo hayakai sawa. Keki inakatwa, picha inayofuata mchungaji ameinua mikono. Shampeni inafunguliwa, mara kwaya imesimama kanisani, mchana kweupe, jua limepita dirishani. Shangazi naye ana macho. "Mchungaji alifika ukumbini? Mbona aliaga mapema?"

Umeme ukakatika. Hapana, si kukatika: luku ilikwisha, na hakuna aliyekuwa amenunua. Betri ya akiba ikaanza kulia pi-pi-pi, nikafunga kila kitu harakaharaka ili katalogi isije ikaharibika, maana katalogi ndiyo inayokumbuka P na X zangu zote za asubuhi. Simu ya bosi haipatikani. Nikanunua kwa pesa yangu, nikaingiza tarakimu 20 za tokeni, nikakosea, nikaingiza tena, jasho likiniingia machoni. Feni imezima. Shangazi anajipepea kwa jalada la albamu ya maonyesho na kunieleza jinsi studio ya harusi ya mwanawe ilivyotoa picha siku ileile.

Kuanzia hapo sikuiangalia saa vizuri. Ilikuwa saa nane, labda tisa. Najua sikula.

Kompyuta iliporudi nilitulia nikatazama chini ya folda ya Jumamosi. Kulikuwa na nyingine, ya Jumapili. Asubuhi niliiona nikasema hizo ni za kucheza baada ya saa sita usiku, nitazifikia. Uvivu wangu, sijitetei. Nikaifungua. Picha zaidi ya mia saba, zote za kamera ya pili. Keki tena, kwa pembe nyingine, na muda umeandikwa 4:06 alfajiri. Hakuna ukumbi Dar utakaokuachia ukate keki saa kumi alfajiri. Na hilo hapo, friji, na shangazi mzima mzima, mikono juu.

Sikumwonyesha kwanza. Nilimpigia kaka wa kamera ya pili.

"Kaka, hebu iwashe kamera. Inasema saa ngapi sasa hivi?"

"Saa kumi na robo. Iko sawa kabisa."

Nikatazama ukutani. Kweli, saa kumi na robo jioni. Nikataka kukata simu, kisha nikajiuliza. "Kaka, nisomee ilivyoandikwa, kama ilivyo."

"Kumi, nukta mbili, kumi na tano. PM."

Jamani. Saa kumi na robo yetu huandikwa 4:15. Yake ilikuwa saa nne na robo usiku. Kamera aliinunua mtumba kutoka Japani, na saa ya Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Kiswahili nacho, tukihesabu saa, tunatofautiana na namba za kwenye kioo kwa saa sita zilezile. Kwa hiyo kila akitupa jicho, namba inalingana na anachosema mdomoni. Saa tatu asubuhi anaona 3. Saa kumi anaona 10. Kumbe ndani, picha ya kanisani ya saa nane mchana imeandikwa 20:00, katikati ya sherehe, na chochote alichopiga baada ya saa kumi na mbili jioni kimevuka usiku na kuangukia Jumapili.

Kurekebisha si kazi ngumu ukishajua ugonjwa. Nilichuja picha za kamera yake peke yake, nikatafuta kitu ambacho kamera zote mbili zilikipiga kwa wakati mmoja: pete ikiwa nusu ya kidole. Tofauti ilikuwa saa sita na dakika nne. Nikazirudisha nyuma zote kwa pamoja. Kisha nikazihamisha kutoka Jumapili kwenda Jumamosi ndani ya Lightroom kwenyewe, kwa sababu ukiburuta folda nje ya programu, yenyewe inabaki kuzitafuta zilikokuwa na kukuwekea alama ya kuuliza.

Picha zikajipanga. Mchungaji akarudi kanisani, keki ikabaki ukumbini. Shangazi alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu saa tano. Friji lilikuwa na picha kumi na moja. Kumi kafumba macho.

"Hiyo moja," alisema. "Nitumie WhatsApp."

Nikamtumia.

Giza lilikuwa limeingia kaka wa kamera ya pili alipopita kuchukua kadi zake. Nilimwomba kamera, nikaingia kwenye menyu, nikaitoa Tokyo na kuiweka Afrika Mashariki. Akaipokea, akaitazama, akaitazama tena. Ilisoma 7:40 PM.

"Dada, hii niliikuta tayari inasoma saa ya Kiswahili," alisema. "Sasa umeniwekea ya Kizungu."