Stata iligoma, nikaanza kuiheshimu heda

Gari likiwa baridi lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja. Ukilikanyaga uwanjani nusu saa, ukazima, ukapumzika dakika kumi, ukigeuza ufunguo unasikia "ta!" moja, basi. Ukisubiri saa nzima, linawaka kana kwamba hakukuwa na ugomvi.

Nilibadilisha betri. Nikakwangua nyaya za ethi hadi zikang'aa. Mara ya tatu lilipogoma nikalala chini ya gari na tochi, nikaona: bomba moja la heda mpya (fungu la mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) limepita vidole viwili tu kutoka kwenye solenoidi ya stata, ile swichi ya sumaku inayoingiza stata kazini. Manifoldi ya zamani, iliyofanya kazi hiyo kabla ya heda, ilikuwa nzito, lakini ilikaa mbali, tena ilikuwa na ngao ya bati. Ngao hiyo niliitupa mimi mwenyewe, nikisema ni uzito wa bure.

Waya uliosokotwa ndani ya solenoidi (koili) ukichemka, ukinzani wake unapanda, umeme unaopita unapungua, na solenoidi inakosa nguvu ya kuvuta. Tena hatari kubwa haikuwa nikiwa mbioni. Ilikuwa baada ya kuzima: hewa haipiti tena, feni imesimama, na heda bado ina nyuzijoto mamia. Joto lote hilo linahamia kwa majirani.

Nikafanya wanachofanya wengi, nikaifunga bandeji ya nyuzi za kioo. Niliiloweka maji kwanza ili ilale vizuri, kila mzunguko ukiulalia mwenzake kama milimita 6, nikakaza kwa vibanio vya chuma cha pua. Sikuvaa glavu. Mikono iliniwasha siku mbili. Safari ya kwanza boneti ilifuka moshi mpaka jirani akaja na ndoo. Lakini stata ikatii, na hewa inayoingia kwenye injini ikapoa, jambo ambalo nalo lina faida: hewa ikipoa kwa nyuzi 10 hivi, ujazo uleule unabeba takriban asilimia 3 zaidi.

Mwaka uliofuata niliifungua bandeji nikitafuta sauti ya kupumua pumua. Kutu ilianguka kama maganda ya vitunguu, na penye kiungo cha mabomba weldi imepasuka. Heda yangu ilikuwa ya chuma cha kawaida. Bandeji inazuia joto lisitoke, kwa hiyo chuma kinakaribia joto la gesi yenyewe, ambayo injini ikikazwa hupita nyuzi 800. Gari likilala, ileile bandeji inashika unyevu. Na kama gasketi ya kifuniko cha valvu inavuja, inanyonya oili kama utambi wa taa. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha kuliko kutu.

Heda ya pili nilichagua ya chuma cha pua, nikaipeleka kupakwa kauri ndani na nje. Ghali, sikatai. Hesabu iliyonishawishi ni hii: joto linalorushwa na chuma hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto yake, ukihesabu kuanzia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Bomba likishuka kutoka nyuzi 700 hadi 500, linarusha chini ya nusu, kama asilimia 40 tu ya lilivyokuwa linarusha.

Kisha nikarudisha ngao. Bati la alumini, limeachwa nafasi ya kidole kimoja pande zote mbili, kwa sababu hewa ndiyo inayofanya nusu ya kazi. Likigusa bomba halina maana. Sikulifunga kwenye heda yenyewe pia: bomba la chuma cha pua la sentimita 60 likipanda nyuzi 600 linarefuka karibu milimita 6, na kitu kilichobanwa hapo kitapasuka au kitapasua.

Jambo moja ningelianza nalo kama ningekuwa na akili: taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche. Yangu ilikuwa imechelewa, mchanganyiko wa mafuta na hewa ukawa bado unawaka valvu ya ekzosi inapofunguka. Ndiyo maana heda ya kwanza usiku ilionekana nyekundu hata injini ikinguruma tu bila kukanyagwa. Nilikuwa navika bandeji mgonjwa wa homa.

Jumamosi iliyopita nilizima baada ya mizunguko kumi na miwili, nikanywa maji, nikageuza ufunguo. Ikawaka. Boneti bado naiacha wazi kila ninaposimama.