Peugeot 504 ya marehemu baba: ekzosi, springi, kisha injini ya lita 2

Naandika nikiwa bado na grisi kwenye kucha. Jana niliipandisha pikapu hadi Kapchorwa ikiwa na mifuko 18 ya saruji tuliyopakia Tororo, na leo imenirudisha Busia salama. Nilipoandika mara ya mwisho, rangi ilikuwa imekauka na bodi imekamilika. Tangu hapo kazi yote imekuwa chini, kule asikoangalia mpita njia.

Kwa asiyeifahamu: 504 ilitoka mwaka 1968 ikiwa saluni, pikapu ikafuata 1979. Nyuma ina ekseli nzima inayolala juu ya springi za vyuma bapa, mbele ina springi za koili zinazozunguka shokapu. Saluni yake ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile Coupé ya V6. Huku Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, sifa zake zilitangazwa na mizigo. Baba aliitumia kubebea samaki, mahindi, maharusi na wagonjwa, na sijawahi kumsikia akiitukana.

Nilianza na ekzosi, na hapo ndipo nilipokosea. Bomba la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, nami nilitamani kusikia sauti safi. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea bomba jipya la inchi 2 kutoka kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini, hadi nyuma, sailensa moja ndefu katikati, na mkunjo unaopita juu ya ekseli. Kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri: viungo vimejaa vizuri, hakuna moshi unaovuja. Lakini tulipima pikapu ikiwa imepandishwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia, bodi haina hata jembe ndani. Wiki iliyofuata nikapakia mahindi. Kila shimo, nyuma kunagonga: ngo! ngo! Nilipolala chini kuangalia, nikaona alama inayong'aa juu ya ekseli, pana kama kucha ya kidole gumba, pale bomba lilipokuwa linagongwa. Mzigo umekandamiza springi, ekseli imepanda, nafasi imekwisha.

Hapo nikaelewa kwamba kazi hizi tatu, ekzosi, springi na injini, huwezi kuzitenganisha. Springi ndizo zinazoamua gari lisimame kwa kimo gani, bomba lipite wapi, na injini mpya itaruhusiwa kukimbia kiasi gani kabla gari halijaanza kuyumba. Kama na wewe unafufua pikapu, anza na springi.

Zangu zilikuwa zimelala kabisa. Miaka iliyopita zilipigwa nyundo ili zipinde upya, zikadumu msimu mmoja, halafu bapa kuu likapasuka kwenye tundu la bolti ya katikati. Safari hii sikutaka nyundo. Nilivuka mpaka, nikapata seti kamili iliyotolewa kwenye pikapu iliyokatwa kwa ajili ya spea, nikaifungua bapa kwa bapa, nikaipiga brashi ya chuma na kuipaka grisi. Mwenye seti aliniongezea bapa moja nene, akisema, "Mzee, weka hili, utabeba nyumba." Nililiweka, nikalitembeza siku nne bila mzigo, nikalitoa. Gari tupu lilikuwa linarukaruka kwenye matuta hadi tairi za nyuma zinaachana na lami. 504 ilisifiwa kwa ulaini wake, na ulaini huo sitauuza kwa mifuko miwili ya ziada. Bushi nimeweka za mpira wa kawaida, shokapu mpya pande zote nne. Kisha tukapakia saruji kwanza, gari likiwa chini kwa magurudumu yake, ndipo fundi akakata ule mkunjo na kuuinua. Sasa vidole vyangu vinne vinapita kati ya bomba na ekseli hata gari likiwa limejaa.

Injini ndiyo iliyonila muda. Ya baba ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,796, imechoka, inakula oili. Wengi walinishauri niweke dizeli ya Toyota nimalize. Nawaelewa, spea zake ziko kila kona. Lakini nilitaka kusikia Peugeot ikinguruma chini ya boneti ya Peugeot. Nikapata injini ya lita 2, ile iitwayo XN1, ya sentimita za ujazo 1,971, kutoka kwenye 504 ya abiria iliyokuwa matatu upande wa Kenya. Ni ukoo uleule: imeinama ubavu kama ile ya zamani, bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, na slivu, yaani silinda za kuchomeka ambamo pistoni hutembea, zinazokaa ndani ya maji.

Slivu hizo ndizo siri ya injini hii. Kila moja lazima itokeze juu kidogo ya uso wa bloku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ili hedi iibane gasketi sawasawa. Fundi aliweka rula ya chuma juu yake, akapitisha feleji nyembamba ya kupimia, akanyamaza. Slivu ya tatu ilikuwa imezama. "Mzee, tukifunga hivi, baada ya mwezi maji yatakuwa kwenye oili." Tukazitoa zote nne, tukasugua vikalio vyake hadi vikang'aa, tukaweka sili za chini zenye unene tofauti, tukapima tena. Siku mbili nzima kwa kitu ambacho nikikifunika hakuna atakayekiona. Hedi nayo ilipelekwa kusawazishwa Mbale. Ringi mpya, vyuma vya krenki vipya, klachi mpya.

Basi, jana. Kutoka Busia hadi Mbale sikuwa na la kusema, inakwenda tu. Kwenye mlima wa Kapchorwa, gia ya pili, saruji nyuma, ndipo nilipohisi tofauti ya lita 2: haikuomba gia ya kwanza pale ambapo zamani baba alikuwa akiishusha mapema. Karibu na Sipi, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasimama, nikafungua boneti. Feni ya 504 haizunguki muda wote; inashikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto. Waya ulikuwa na umeme, feni imetulia. Kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku kilikuwa kimeisha, kimebaki kama punje ya mchele. Nilikuwa na kingine kwenye kisanduku cha glavu. Baba alikuwa akikiweka hapohapo.

Juu kabisa nilitoa plagi: nyeusi, kavu, kama masizi ya sufuria. Kule hewa ni nyepesi, kabureta inamwaga petroli nyingi kuliko inayoungua. Nimeagiza jeti kuu, kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta, ya saizi moja chini. Ikifika nitaijaribu kwanza hapa Busia, kwa sababu ikipunguza petroli sana, huku chini injini itapata joto, na mlimani siendi kila siku.

Jumamosi nitarudia kukaza bolti za springi. Zimeshabeba tani karibu moja, lazima zimelegea kidogo.