Meza ya kulengea shabaha niliyoichomelea mwenyewe

Misimu miwili nilikuwa napimia bunduki yangu juu ya boneti ya gari, shambani kwa baba mkwe hapa Pennsylvania. Risasi tatu kwa yadi 100 zilitawanyika upana wa kiganja, na sikujua kosa ni la darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki au la mwili wangu. Kumwendea kulungu na bunduki usiyoiamini ni kumtesa mnyama bure. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, kwa hiyo mwezi Septemba nikaanza kukata chuma cha meza ya kulengea.

Shamba lile ni la mteremko na mawe. Meza ya miguu minne ingecheza kila nikiihamisha. Nikakumbuka jiko la bibi: mafiga ni matatu, na chungu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Basi nikaweka miguu mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, yote ikitanuka kidogo kuelekea chini.

Nilitumia skwea paipu ya inchi 2, unene wa milimita 3. Nilijifunza kuchomelea gereji ya mjomba kule Mwanza, lakini miaka imepita, na pupa ikanishika: kiungo cha kwanza nikakijaza chote kwa mkupuo. Kilipopoa kikavuta. Mguu ukahama karibu sentimita 2 kutoka kwenye alama niliyochora sakafuni. Nikampigia mjomba. "Anko, si nilikwambia? Shikiza kote kwanza, pima, ndipo ujaze!" Nikakikata kiungo kwa grenda na kuanza upya: nukta ndogo kila kona, kupima, kisha vipande vya sentimita 3 nikiruka kutoka mguu huu kwenda ule, chuma kipate kupoa. Safari hii alama na miguu vikakubaliana.

Kilichonifurahisha zaidi ni mchanga. Mguu mtupu ukiugonga unalia kama kengele. Ukishajaa mchanga unatoa sauti ya gogo, na mtikisiko unafia humo humo. Niliumimina kupitia tundu la juu baada ya kumaliza kabisa kuchomelea, tena ukiwa umekaushwa juani siku mbili. Unyevu uliofungiwa ndani ya bomba linalopata moto hugeuka mvuke, na mvuke unaweza kulipasua.

Juu niliweka mbao mbili za plaiwudi zilizogundishwa, nikakata upande mmoja ili kifua kikaribie bunduki. Stuli ni ya peke yake, haikuungwa na meza. Ukiiunga, kila ukijisogeza mtutu nao unasogea.

Siku ya kwanza mezani, bunduki ikitulia juu ya mifuko ya mchanga, risasi bado zilitawanyika. Sasa nilijua si mimi. Nikashika darubini, nikaisikia ikicheza: skrubu moja ya kishikizo chake ilikuwa imelegea. Nikaikaza, nikapiga tatu tena. Baba mkwe akaenda kwenye shabaha, akaweka kizibo cha soda juu ya matundu. Yote matatu yakafunikwa.