Ufalme wa Kilindi, kumbukumbu ya mradi: giza limekubali kushuka taratibu

Giza limekubali. Nalisema mapema ili waliochoshwa na maandishi yangu ya mwanga wajue hii ndiyo ya mwisho kuhusu mwanga, au karibu ya mwisho.

Kwa wageni, haraka haraka: Ufalme wa Kilindi ni ulimwengu wa njozi tunaoujenga ndani ya Luanti, injini ya michezo ya kujenga kwa vitalu (zamani Minetest, jina lilibadilishwa 2024, ila ulimi wangu bado haujakubali). Seva ipo mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, kwenye laptopu kuukuu isiyo na betri, kwa hiyo umeme ukikatika malkia na raia wake wote wanalala. Kila mchezaji ana nafasi yake: mganga, mvuvi, mpiga mbizi, askari wa malkia. Ziwa ni Tanganyika letu, kipande cha kuanzia ghuba ya Kigoma kwenda Ujiji, isipokuwa chini yake kuna miji.

Kilichoniingiza kwenye balaa hili ni kipimo. Nodi moja, yaani kitalu kimoja cha ulimwengu, ni mita moja, na ramani ya injini inafika nodi 31,000 hivi kila upande kutoka katikati. Urefu wa ziwa, kilomita 673, hauingii hata ukiukunja. Lakini kina chake cha mita 1,470 kinaingia chote na nafasi inabaki. Nikasema basi, tutashuka kina halisi, bila kupunguza hata mita. Wenzangu walitaka ziwa la mita sitini, tumalize, tucheze. Nilikataa na bado nakataa.

Sasa mwanga. Maji ya kawaida ya mchezo hayapitishi jua. Jua lina thamani ya mwanga 15. Nodi ya kwanza ya maji inapata 14, ya pili 13, na kuendelea, hadi mita ya kumi na tano hakuna kitu. Mita kumi na tano! Tanganyika ni kati ya maziwa maangavu kabisa, siku ikitulia unaona hadi mita ishirini chini. Mpiga mbizi wangu alikuwa anaingia gizani kabla hata hajaacha mawe ya ufukweni, anawasha taa, na kuanzia hapo safari nzima ya kushuka ni ileile: duara la taa, na weusi kulizunguka. Mita 20 na mita 900 zinafanana. Kazi yote ya kujenga ukuta wa mwamba unaoporomoka kwenda chini, haionekani.

Dawa ambayo kila mtu anakupa ni kuongeza `sunlight_propagates = true` kwenye maji, yaani jua lipite bila kupungua. Nikaongeza. Mita 900 chini kukawa kweupe kama uwanja wa Lake Tanganyika saa saba mchana. Jumba la malkia, ambalo nilikuwa nimeliwekea taa moja moja kwa mkono, likaonekana lote kutoka kwenye mtumbwi.

Dawa ya pili ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Nikatengeneza maji ya aina mbili, yanayopitisha jua na yasiyopitisha. Kila baada ya nodi ishirini za maji maangavu nikalaza tabaka moja la maji mazito, kwa hesabu kwamba kila tabaka litakula thamani moja: 15, 14, 13, hadi mita 300 ndipo giza kamili. Injini haina habari na hesabu hiyo. Thamani 15 ndiyo jua, na jua peke yake lina ruhusa ya kushuka bila kupungua. Likipita tabaka la kwanza linakuwa 14, na 14 si jua tena. Ni mwanga wa kawaida, sawa na wa taa, unaopungua kila nodi hata maji yawe maangavu namna gani. Tabaka la kwanza linaua, yaliyobaki yanapamba maiti.

Nikaenda njia ya ubishi: maji yanayong'aa yenyewe. Tabaka la juu nikalipa `light_source` ya 13, la chini yake 12, na kuendelea. Mchana ilipendeza mno, picha zake ninazo na sizifuti. Usiku ukaingia mchezoni na ziwa zima likaendelea kuwaka, maana mwanga wa nodi haujui saa. Mwenzetu wa Tabora akashauri tubadilishe maji kila magharibi na kila alfajiri. Kilomita moja ya mraba kwa kina cha mita 100 ni nodi milioni mia moja, kaka. Laptopu hii inatoa moshi nikifungua kivinjari.

Hapa niseme kidogo kuhusu WorldEdit, nyongeza ya kuhariri maeneo makubwa ya ramani kwa amri moja, maana kuna watu humu wanaidharau kwamba ni ya wavivu. Mwanga unahifadhiwa kwenye ramani pamoja na nodi yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha tabia ya maji, sehemu zilizokwisha kutengenezwa zinabaki na mwanga wa zamani. Unaona viraka vya mraba vya giza katikati ya maji meupe na unadhani msimbo wako mbovu. `//fixlight` ya WorldEdit ndiyo iliyoniokoa kila mara. Asiyeitumia na ajenge kwa mikono, tutakutana uzeeni. Na nikiwa hapo hapo: anayeniletea picha za nodi za pikseli 512 nitaendelea kumkatalia. Kila anayeingia kwenye seva kwa mara ya kwanza anapakua picha zote, na wengi wetu tunaingia kwa bando. Pikseli 16 zinatosha. Jiwe ni jiwe.

Kilichofanya kazi kilikuwa kimekaa kwenye injini miaka yote. Kila nodi ina namba mbili za mwanga, ya mchana na ya usiku. Jua linaandikwa kwenye ya mchana peke yake, taa inaandikwa kwenye zote mbili. Kinachokuja machoni ni mchanganyiko wa hizo mbili kwa uwiano unaofuata saa ya mchezo. Na uwiano huo, ndugu zangu, unaweza kumpangia kila mchezaji wake.

Kwa hiyo: maji yote yapitishe jua, liwepo hadi sakafuni kwenye vitabu. Halafu script inamtazama kila mchezaji yuko kina gani, na kumfifishia mchana wake yeye:

`player:override_day_night_ratio(mchana * math.exp(-kina / 25))`

Mstari mmoja. `mchana` ni namba ninayoikokotoa kutoka kwenye saa ya mchezo, ili usiku uwe usiku hata juu ya maji. Kile cha `exp` ndicho mwanga unavyofanya ziwani kweli, haupungui kwa ngazi bali kwa sehemu: mita 25 imebaki asilimia 37, mita 50 asilimia 14 hivi, mita 100 chini ya mbili. Taa haziguswi, kwa sababu namba ya usiku haijaguswa. Ukishuka unaziona taa za jumba zikizidi kupata nguvu kadiri jua linavyokuacha, na hilo sikulipanga, limejileta.

Onyo moja kwa atakayeiga: usiitume kila hatua ya seva. Kila wito ni pakiti kwenda kwa mchezaji, na mtu aliye kwenye hotspoti ya simu atakulaani. Mimi natuma pale tu tofauti inapozidi 0.02.

Ikabaki nyufa moja ambayo ilinikera kuliko zote. Uwiano ni wa mchezaji, si wa mahali. Aliye kwenye mtumbwi ana mchana wake kamili, kwa hiyo akitazama chini bado analiona jumba jeupe pe, kwa kuwa injini inachora uso wa maji tu na si maji yenyewe ya ndani. Siri ya ufalme inauzwa na mtu anayekula mihogo mtumbwini.

Nikarudi kwenye yale matabaka yaliyokufa. Maji ya aina mbili yakigusana, injini inachora uso kati yao. Basi nikagawa ziwa mara tatu: maji ya juu hadi mita 20, maji ya kati hadi mita 100, na chini ya hapo maji mafu. Yote yanapitisha jua, lakini kila mpaka ni pazia lenye rangi yake, na la chini ni zito karibu kuwa ukuta. Kutoka juu unaona buluu inayozidi kukolea, basi. Kila maji yana `post_effect_color` yake pia, kwa hiyo mzamiaji akivuka mpaka rangi ya ulimwengu inabadilika ghafla kidogo. Wengine wamesema ghafla hiyo iondolewe. Mimi naipenda, inakujulisha umeingia nchi ya nani.

Maji mafu sikuyatunga. Tanganyika halisi upande wetu wa kaskazini oksijeni inakwisha kwenye mita 100 hivi, kusini inashuka hadi 200 na zaidi kidogo, na chini ya hapo samaki hawaishi. Maji ya huko hayachanganyiki vya kutosha na ya juu. Kwa hiyo kanuni ya mchezo imetoka ziwani: hirizi ya mzamiaji inavuta pumzi iliyomo majini, na penye maji mafu hamna cha kuvuta. Ukivuka pazia la chini unabaki na pumzi zako kumi za kawaida, moja inaondoka kila sekunde mbili. Sekunde ishirini, halafu damu inaanza kupungua. Jumba la malkia liko mita 140. Fikiria mwenyewe utapitaje. (Kuna njia. Sisemi.)

Wanyama wa kutisha nao sikubuni. Kuna samaki wa ziwa hili, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake, na mdomo wake umepinda upande mmoja. Waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, waliopinda kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Nimemkuza hadi ukubwa wa mtumbwi na kumwacha na tabia ileile. Askari anayejua kusoma mdomo anaweka ngao upande sahihi. Asiyejua anavuliwa deraya. Jaribio la kwanza mdogo wangu alipoteza kofia, ngao na hasira kwa pamoja.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuandika kazi ya kwanza ya malkia, ile ya kutafuta pete. Haijaandikwa. Lawama zote ziende kwa baba mdogo.

Alipita nyumbani kutoka Kibirizi akanikuta nashusha na kupandisha mhusika kupima mapazia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hilo ndilo ziwa lenu?" Akatazama kwa muda. Nilikuwa nimewasha taa juu ya mtumbwi, usiku wa mchezoni. "Mbona taa inawaka na dagaa hawaji?"

Nikamwambia dagaa bado hatujawaweka.

"Na mwezi uko wapi?"

Mwezi ulikuwa angani, mzima, kama ulivyo kila usiku katika mchezo huu. Akacheka akaniambia hakuna mvuvi wa Kibirizi anayetoka na mwezi ule. Mbalamwezi ikiwa kali taa inashindwa, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inapumzika hadi giza lirudi.

Alipoondoka nilifunga faili la malkia. Dagaa mchana wanakaa chini, usiku wanapanda, na taa inawavuta. Na mimi nina namba ya usiku ya kila nodi! `core.get_node_light(pos, 0)` inanipa mwanga wa usiku wa manane mahali popote, yaani wa taa karibu peke yake, jua likibaki kidogo tu. Kundi la dagaa linapima mwanga pembeni yake pande sita na kusogea palipo na namba kubwa. Hakuna akili nyingine ndani yake. Ukiwasha taa juu ya maji wanakuja, wanazunguka, ukiizima wanatawanyika. Mwezi nimeupa mzunguko wa siku thelathini za mchezo, na siku za katikati mvuto wa taa unapungua karibu kwisha. Wavuvi wetu wa mchezoni sasa wana kalenda, na mganga ameanza kuwauzia utabiri wa giza. Hilo nalo hakuna aliyeliandika.

Baada ya dagaa wakaja migebuka, kwa sababu migebuka huwafuata dagaa, na hapo ndipo nilipokwama sasa hivi. Mgebuka anawinda dagaa aliye karibu. Taa inawakusanya dagaa wote mahali pamoja. Kwa hiyo mvuvi anawasha taa, dagaa wanajaa, migebuka wanne wanaingia, na kabla hajatupa wavu hakuna hata dagaa mmoja. Nimewapunguzia mwendo. Nimewapa shibe, wakila watano wapumzike. Bado wanamaliza, ila sasa kwa adabu. Nahisi jibu liko kwenye kuwafanya dagaa wazaliane chini kwenye giza kwa kasi zaidi, lakini kila kiumbe kinachoongezeka laptopu inaguna, na kundi la dagaa sitini tayari linafanya simu za watu zikwame.

Wazo nililonalo ni kufanya kundi zima liwe kiumbe kimoja chenye picha ya samaki wengi, kinachopungua ukubwa kikiliwa. Aliyewahi kufanya hivyo kwenye Luanti anipe jinsi alivyobadilisha `visual_size` bila umbo kuruka ruka machoni pa wachezaji, maana kwangu linaruka.